Mstari wa Miaka Unaanzia Wapi?

Mwaka 1973 na 1974, mchoraji mmoja wa Katanga, Kongo, alijitwika kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kuichora historia ya nchi yake yote, picha baada ya picha. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mteja na msikilizaji wake alikuwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini humo. Tshibumba alimpelekea takriban picha 100, na kila moja akaieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Alijitambulisha kuwa mwanahistoria, na mpangilio wake unathibitisha dai hilo. Mfululizo wake hauanzi siku Mbelgiji aliposhika bendera. Unaanza na mababu, unapita kwenye ukoloni, uhuru, Lumumba na kujitenga kwa Katanga, kisha unaivuka siku aliyokuwa akiishi na kuingia katika miaka ambayo bado haijafika.

Mwongo na nusu kabla yake, kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imetoa kumbukumbu yake yenyewe: kitabu kinene cha kusherehekea miaka 50, 1906 hadi 1956, chenye kichwa kilichoahidi maendeleo ya ufundi na ya huduma za jamii. Tshibumba naye aliichora Union Minière. Aliuchora mgomo wa Desemba 1941 na wafanyakazi waliopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Kampuni ni ileile na miaka ni ileile. Aliyeshika brashi ndiye aliyebadilika.

Mifano hiyo miwili inafaa kuwekwa mbele ya yeyote atakayepewa kazi ya kuchora mstari wa mafanikio wa taasisi, hata taasisi isiyo na jengo, isiyo na lango na isiyo na mlinzi. Julai 2026 ni miaka 20 tangu taasisi ya namna hiyo itangazwe rasmi mjini Geneva. Jina lake ni Africa@home, na mradi wake wa kwanza, MalariaControl.net, ulikuwa na lengo moja: kuazima nguvu za kompyuta za watu wa kawaida duniani ili kukokotoa jinsi malaria inavyoenea Afrika na nini kinaweza kuizuia. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Mjini Likasi, katika Katanga ileile ya Tshibumba, homa ya msimu wa mvua haihitaji kuelezwa kwa mtu. Mstari wa mradi huu ukichorwa kwenye ukuta wa shule ya Likasi, watazamaji wake watakuwa na haki ya kuuliza wanaingia wapi.

Kwanza, jinsi mradi ulivyofanya kazi. Kompyuta ya ofisini au nyumbani hukaa saa nyingi ikiwaka bila shughuli. Mwenyewe yuko kwenye kikao, au amelala. Mtu aliyetaka kujitolea alipakua programu iitwayo BOINC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya David Anderson. Programu ilichukua kifurushi kidogo cha hesabu kutoka kwenye seva, ikakokotoa pale mashine ilipokuwa imepumzika, ikarudisha jibu, ikachukua kingine. Mwenye kompyuta hakuhitaji kujua hesabu wala udaktari. Alitoa umeme wake na subira ya mashine yake.

Ndani ya kila kifurushi cha MalariaControl mlikuwa na kijiji cha kubuni. Watu wa kubuni walizaliwa humo, wakaumwa na mbu, wakapata vimelea, wakaumwa homa, wakatibiwa au wakakosa dawa, wakajenga kinga, wengine wakafa. Kisha kijiji kilekile kilirudiwa kikiwa na chandarua, au chanjo yenye nguvu kidogo, au chanjo yenye nguvu zaidi inayoisha haraka. Kwa sababu kuumwa na mbu ni jambo la bahati, jibu la mzunguko mmoja halina maana. Lazima kijiji kirudiwe mara nyingi mno ndipo wastani utulie. Kazi hiyo ingeilaza kompyuta moja vizazi kadhaa.

Kila Mswahili anaijua methali ya haba na haba kujaza kibaba, lakini ni nadra mtu kupata nafasi ya kuipima. Hapa ilipimwa. Katika majaribio ya awali, watu 500 tu waliojitolea waliwawezesha watafiti wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, mjini Basel, kufanya katika miezi michache hesabu ambazo kompyuta moja ingezifanya kwa takriban miaka 150.

Mchoraji mvivu angeridhika kuanzia kwenye kompyuta hizo, na mstari wake ungejichora wenyewe. Mwaka 1996 George Woltman anaanzisha GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa kwa kompyuta za watu. Tarehe 17 Mei 1999 Berkeley inafungua SETI@home, iliyokuja kuwavuta watu zaidi ya milioni tano kusikiliza kelele za anga kutoka darubini ya Arecibo. Mwaka 2000 inakuja Folding@home ya Stanford. Mwaka 2004 kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, kikitimiza miaka 50, kinaanzisha LHC@home. Katika kiangazi cha 2005 wanafunzi kutoka Afrika na Ulaya wanakaa CERN na kuigeuza programu ya malaria ya Basel iweze kuendeshwa na BOINC. Mwaka 2006 mradi unatangazwa kwa umma. Mwaka 2016 unafungwa. Nukta saba, picha ya mbu, nembo za taasisi chini kulia, kazi imekwisha.

Hakuna uongo katika mstari huo, ila ni mstari wa mashine. Kijiji cha kubuni hakitoki hewani. Ili kompyuta ijue mtoto wa miaka miwili ana vimelea wangapi katika tone la damu, lazima mtoto wa kweli awe ametolewa damu hiyo, mahali fulani, na mtu fulani aihesabu chini ya hadubini.

Mahali penyewe ni pengi, lakini pamojawapo muhimu ni bonde la Kilombero, Tanzania. Mwaka 1949 mwanazuolojia Rudolf Geigy, mwanzilishi wa taasisi ya Basel, alifika Ifakara akifuatilia kupe na homa wanazoeneza. Mwaka 1957 akafungua maabara ya utafiti huko. Maabara hiyo ikakua, ikapita mikononi mwa Watanzania, ikabadilishwa majina, na tangu 2008 inaitwa Ifakara Health Institute. Katika vijiji vya jirani, hasa Namawala na Idete, watafiti wa miaka ya 1990 waliwahesabu mbu usiku na vimelea mchana. Namawala mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu mwenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka, yaani karibu kila usiku. Takwimu za vijiji hivyo viwili, pamoja na za Garki huko Nigeria, Navrongo huko Ghana na kwingineko, ndizo zilizotumika kuifundisha programu ya Basel jinsi malaria inavyotenda.

Idete inastahili nukta yake peke yake, na nukta hiyo ni ya kushindwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto 586 wa kijiji hicho, wenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano, walishiriki jaribio la chanjo ya SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: kinga ya asilimia 31. Yalikuwa matumaini makubwa kwa wakati ule. Kisha majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na jaribio jingine la Tanzania kwa watoto wachanga nalo halikuona. Chanjo ikawekwa kando. Lakini karatasi za Idete hazikutupwa. Taarifa za homa na vimelea zilizokusanywa kwa uangalifu kijijini hapo zilibaki kuwa hazina, na miaka kumi baadaye zilikuwa ndani ya vifurushi vilivyotumwa kwenye kompyuta za watu wasiowahi kulisikia jina la Idete.

Pembeni ya nukta hiyo ichorwe nyingine yenye furaha zaidi. Kati ya 1996 na 2000, mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga kwa jina ambalo hakuna mtangazaji wa biashara angelipita kwa ufupi: Zuia Mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa uwezekano wa kuishi wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne ulipanda kwa asilimia 27.

Nukta nyingine haitapendeza, na ndiyo sababu inapaswa kuwepo. Ili kujua vimelea wanavyopanda na kushuka siku hadi siku ndani ya mwili wa mtu asiyetibiwa, hakuna daktari leo anayeweza kukaa akitazama tu. Watu wa Basel walitumia kumbukumbu za Marekani, za jimbo la Georgia na jirani yake South Carolina, ambako kabla ya penisilini kuenea wagonjwa wa kaswende iliyoingia ubongoni waliambukizwa malaria kwa makusudi ili homa yake iiue kaswende. Tiba hiyo ilimpa Julius Wagner-Jauregg wa Austria Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Miili ya wagonjwa hao, wengi wao wakiwa wamefungwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, iliacha majedwali ya siku kwa siku ambayo hayatarudiwa. Nao ni wachangiaji wa mradi, ingawa hakuna aliyewapakulia programu wala kuwauliza.

Katika safu hiyo ya wasioulizwa ndipo Likasi inapoingia. Inaingia kwa mlango wa nyuma, lakini inaingia.

Kusini magharibi mwa mji, si mbali sana, iko Shinkolobwe. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, mtafutaji madini wa Union Minière, aligundua urani hapo. Kwa muda mrefu madini hayo yalichimbwa kwa ajili ya radiamu, na urani ilihesabiwa karibu kama takataka. Mawe mengine yalikuwa na utajiri wa kushangaza, hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo New York na kuyahifadhi katika ghala la Staten Island, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likaja kuyanunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, pamoja na bomu la Hiroshima, ilitoka kwenye shimo hilo. Likasi wakati ule iliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot wa Société Générale ya Ubelgiji. Jina la sasa lilirudi mwaka 1966.

Sasa malaria na bomu vinakutana wapi? Vinakutana kwenye hesabu. Mwaka 1946 Stanislaw Ulam, mwanahisabati wa maabara ya bomu ya Los Alamos, alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua na akipitisha muda kwa kucheza karata peke yake. Alijiuliza uwezekano wa mchezo kukubali ni kiasi gani, akaona kuwa kukokotoa kwa kalamu ni kugumu mno, na kwamba ingekuwa rahisi kucheza mara 100 na kuhesabu ushindi. Wazo hilo alilipeleka kwa John von Neumann, na wakalitumia kufuatilia safari za nyutroni ndani ya urani, ambazo nazo huenda kwa bahati: hugonga, hukwepa, hupasua. Nicholas Metropolis akaliita Monte Carlo, kwa utani juu ya ami yake Ulam aliyependa kukopa fedha aende kucheza kamari. Mwaka 1948 hesabu za kwanza za Monte Carlo zilipitishwa kwenye kompyuta ENIAC, na Klara von Neumann, mkewe John, alikuwa miongoni mwa waliozipanga.

Kijiji cha kubuni cha MalariaControl ni mjukuu wa mchezo huo. Weka mbu mahali pa nyutroni, weka mtoto mahali pa kiini cha atomu, rudia mara maelfu, chukua wastani. Jiwe la Shinkolobwe halikubuni hesabu, na mtu asije akadai hivyo kwa fahari ya mji. Lakini maabara ambamo hesabu hiyo ilizaliwa ilijengwa kwa ajili ya jiwe hilo. Mwenye kuchora mstari akiwa Likasi ana sababu ya kuuanzia mwaka 1915, kwa nukta ya njano ya urani. Mwenye kuuchora Geneva huenda asiione sababu hiyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Tshibumba na kampuni.

Likija suala la vipimo, ukuta wenyewe utaleta ubishi. Tuseme kila mwaka unapewa sentimita 10. Mstari wa kuanzia 1915 hadi 2024 utachukua mita 10 na sentimita 90, urefu wa ukuta wa madarasa mawili. Maisha yote ya MalariaControl, kuanzia majaribio ya 2005 hadi kufungwa 2016, yatakuwa mita moja na sentimita 10 tu. Mtoto wa darasa la kwanza akinyoosha mikono ataufunika mradi mzima. Na ile miaka 150 ya kompyuta iliyofanywa kwa miezi michache? Kwa kipimo hichohicho ingehitaji mita 15. Ingeupita ukuta na kuingia barabarani. Mchoraji mwenye akili atafanya hivyo kweli: atauacha mstari huo ukunje kona, uendelee ukuta unaofuata. Mtoto ataelewa nguvu ya kujitolea bila kusomewa tarakimu.

Kosa la kawaida la kuta za namna hii ni kupima mafanikio kwa alama. Miradi ya BOINC humpa kila mshiriki alama kwa kazi aliyofanya. Alama 200 ni sawa na siku moja ya kompyuta inayofanya hesabu bilioni moja kwa sekunde. Alama hizo zilibatizwa jina la cobblestone, yaani jiwe la kutandikia barabara, kwa kuchezea jina la Jeff Cobb wa SETI@home. Watu walishindana kwa alama, wakaunda timu za nchi na za vyuo, wakanunua mashine mpya ili wawapite majirani. Hakuna ubaya, bila ushindani huo vifurushi vingi visingekokotolewa. Lakini alama zinapima joto lililotoka kwenye mashine. Likasi, mji ulioishi karne nzima ukipimwa kwa tani za shaba na kobalti zilizotoka, unajua vizuri kwamba kinachotoka na kinachobaki ni vitabu viwili tofauti vya hesabu.

Na watu wa Likasi wenyewe, mwaka 2006, walikuwa wapi? Kwa sehemu kubwa, nje ya mstari. Kongo wakati huo haikuwa na waya hata mmoja wa baharini wa intaneti. Mawasiliano yalipita kwenye setilaiti, kwa bei iliyofanya kupakua faili kuwe uamuzi wa fedha. Waya za kwanza za kasi zilitua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na Kongo ikaunganishwa kwenye waya wa WACS, kupitia Muanda, mwaka 2013. Umeme una kejeli yake. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1930, na jirani yake Koni, yako karibu na Likasi. Yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, kikiwemo cha Shituru, na watoto wa mji walikua wakisoma kwa mshumaa huku nyaya nene zikipita juu. Kompyuta ya kujitolea inahitaji kuachwa ikiwaka. Huwezi kujitolea umeme ambao hauna.

Afrika haikukosa sauti kabisa. Chuo Kikuu cha Cape Town kilianzisha AfricanClimate@Home mwaka 2007, kupitia mtandao wa World Community Grid wa IBM, ili kukokotoa hali ya hewa ya bara. Na Julai 2013 BOINC ilitolewa kwa simu za Android. Hapo mstari unarudi Katanga tena, kwa rangi ya samawati ya kobalti. Betri ya simu inayokokotoa usiku kando ya kitanda cha mtu Tokyo au Nairobi ina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, katika ukanda unaopita Likasi, Kambove, Fungurume na Kolwezi. Mchango huo hauna alama hata moja.

Matunda ya mradi yasipunguzwe kwa sababu hiyo. Mwaka 2006 jarida la Marekani la tiba na afya za tropiki lilitoa toleo maalumu lenye mfululizo wa makala za kundi la Thomas Smith wa Basel, kuanzia mbu hadi gharama za hospitali, juu ya chanjo ambayo wakati huo ilikuwa bado kwenye majaribio. Januari 2012 walichapisha kazi nyingine iliyolinganisha modeli 14 tofauti za malaria, badala ya kuitegemea moja, ili kuona ni wapi utabiri unakubaliana na wapi unayumba. Modeli ya namna hiyo inahitaji nguvu za kompyuta kama mashine ya kusaga inavyohitaji mahindi. Watu wa kujitolea ndio waliozileta.

Wakati huohuo jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S lilikuwa likiendelea kwa watoto wa kweli: watoto 15,460 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe, Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa, Kenya. Matokeo yalipotoka, modeli nne ziliwekwa pamoja kukadiria faida ya chanjo hiyo kwa bara, na ile ya Basel, ambayo sasa inaitwa OpenMalaria, ilikuwa mojawapo. Mwaka 2019 chanjo ilianza kutolewa kwa majaribio katika huduma za kawaida Malawi, Ghana na Kenya. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa Afrika. Chanjo ya pili, R21, ilifuata Oktoba 2023.

Je, mchoraji aunganishe kompyuta za 2006 na sindano ya 2021 kwa mstari mnene? Hapa pana mtu wa zamani wa kumsaidia. Mwaka 1765 Joseph Priestley wa Uingereza alichapisha chati ya maisha ya watu mashuhuri, mmoja wa mistari ya miaka ya kwanza kuenea, na pale ambapo hakuwa na uhakika wa tarehe aliweka vitone badala ya mstari kamili. Vitone hivyo vinafaa Likasi. Hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kuonyeshwa na kuambiwa kwamba huyu aliokolewa na kompyuta ya fulani. Kompyuta zilisaidia modeli, modeli ilisaidia ushauri, ushauri ulikuwa sauti moja kati ya nyingi zilizofika mezani. Vitone, basi, tena vya rangi hafifu. Taasisi nyingi zikisherehekea hujichorea mstari mnene, na msomaji makini huacha kuziamini hapohapo.

MalariaControl ilifungwa mwaka 2016, baada ya zaidi ya miaka kumi. Nukta yake ya mwisho ichorwe wazi, bila kuifunika kwa maua. SETI@home nayo iliacha kugawa kazi tarehe 31 Machi 2020, na hakuna aliyeiona aibu.

Baada ya 2016 mstari unabakiwa na sentimita 80. Humo mna janga la 2020, ambapo Folding@home ilipokea watu wengi kiasi cha kuvuka hesabu trilioni milioni moja kwa sekunde. Mna 2021 ya RTS,S. Na mna Oktoba 2024, Kongo ilipoanza kuwapa watoto chanjo ya R21, ikianzia Kongo Central, upande wa pili wa nchi kutoka Likasi. Nukta hiyo iwekwe kwenye urefu wa macho ya mtoto, na kulia kwake nafasi ya mita moja ipakwe chokaa tu.

Maandishi ya ukuta yawe kwa Kiswahili na Kifaransa, kwa herufi za rangi ya mafuta zinazostahimili mvua ya Januari. Namawala na Idete ziandikwe kwa ukubwa uleule wa Geneva. Shule, chuo au kituo cha afya cha Likasi chenye ukuta wa mita 12 usio na madirisha kinaweza kuanza msimu huu wa kiangazi. Wachoraji wa mabango ya maduka wapo mjini, na programu ya OpenMalaria bado iko wazi kwa yeyote kuipakua bila malipo.